SOMO: TUULIZE KABLA YA KUUZA NG'OMBE

Kikohozi kisichoisha si TB kila mara. Makohozi yakipimwa bila kuonyesha TB, au dawa zikiisha na mgonjwa bado anakohoa, tumrudishe hospitali. Hapa Kisumu ni Jaramogi, ile tuliyozoea kuita Russia. Eksirei huonyesha kivuli tu. Kipande cha uvimbe kikipimwa maabara ndipo hujulikana kama ni kansa.

Tumeona familia zikiuza mtumbwi kabla ya kujua ugonjwa. Kwanza tumuulize daktari:

1. Uvimbe umeenea?
2. Upasuaji, mionzi au dawa: ni kwa kupona, au kupunguza maumivu?
3. Gharama yote ni ngapi, pamoja na nauli?

Mwenye kuamua ni mgonjwa, siyo shemeji mwenye pesa.

Mjadiliane: Akikataa matibabu, tutamtunzaje?