JINSI YA KUPIMA KASI YA PROGRAMU YENYE NYUZI NYINGI

Makala haya yanahusu kosa lililonifedhehesha mbele ya wenzangu, ili wewe usilirudie.

Uzi ni nini? Ni mfululizo wa amri ndani ya programu. Programu yenye nyuzi nyingi hugawa kazi, mfano wa akina mama jikoni harusini.

Niliandika programu ya Python ya kuhesabu namba tasa. Kwa uzi mmoja ilichukua sekunde 6.2. Nikaigawa kwa nyuzi 4: sekunde 0.05! Nikajigamba, nikaandika ubaoni. Mwenzangu akauliza, "Yakhe, mbona jibu ni sufuri?" Darasa zima likaangua kicheko.

Kumbe nilisimamisha saa baada ya kuzianzisha nyuzi, kabla hazijamaliza. Ni sawa na kusema wali umeiva kwa kuwa moto umeshawashwa. Dawa yake ni amri ya join(), inayongoja kila uzi umalize ndipo saa isomwe.

Niliposahihisha nikapata sekunde 6.4. Lo! Nyuzi 4 na bado mwendo wa kobe! Sababu ni kwamba Python ya kawaida ina kufuli moja, hivyo uzi mmoja tu ndio hutekeleza amri kwa wakati mmoja. Wakunaji nazi wanne, mbuzi mmoja: watatu wanangoja. Nyuzi hizo hufaa pale kazi yenyewe ni kungoja, kama kupokea data kutoka intaneti.

Basi nikatumia michakato 4 badala ya nyuzi, kila mmoja na mbuzi wake: sekunde 2.3. Mbona si robo ya 6.2? Kwa sababu aliyepewa namba kubwa alichelewa, na saa humngoja wa mwisho.

Shika haya manne:

1. Tumia perf_counter(), si time(). Hii ya pili hufuata saa ya kompyuta, nayo ikirekebishwa katikati, kipimo huharibika.

2. Usichanganye perf_counter(), inayopima muda uliopita, na process_time(), inayojumlisha muda ambao prosesa ilifanyia kazi nyuzi zote.

3. Funga programu nyingine, kisha pima mara 5 au zaidi.

4. Hakikisha jibu ni sahihi kabla ya kutazama saa.

Wahenga hawakukosea: haraka haraka haina baraka. Mimi nimeshachekwa, wewe jihadhari.

Mwanachama, Kidato cha Tatu