Je, Namba Tasa ni Tasa? Istilahi na Hisabati Yake

Utangulizi

Katika matumizi ya kawaida, tasa ni kiumbe asiyezaa. Vitabu vya hisabati vya shule za msingi nchini Tanzania hulitumia neno hilo kuitaja namba yoyote iliyo kubwa kuliko 1 na isiyogawika bila salio ila kwa 1 na kwa namba yenyewe. Makala haya yanachunguza iwapo istilahi hii inatosheleza dhana yake. Mfano unatolewa Ongata Rongai, Kaunti ya Kajiado.

Namba Tatu Zinazofuatana

Matatu za namba 125 na 126 huunganisha Nairobi na Rongai kupitia Barabara ya Magadi. Kihisabati, 125 ni zao la 5 × 5 × 5, nayo 126 ni zao la 2 × 3 × 3 × 7. Inayofuata, 127, ni tasa. Isitoshe, 127 ni 2 kwa kipeo cha 7, ukitoa 1. Namba tasa za umbo hili hupewa jina la mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne (1588–1648).

Namna ya Kuthibitisha

Namba kubwa mno haziwezi kujaribiwa kigawo kimoja kimoja. Kwa namba za umbo hili ambazo kipeo chake ni tasa na witiri, ipo kanuni iliyoasisiwa na Édouard Lucas na kuimarishwa na Derrick Lehmer. Huanza na 4. Katika kila hatua, jibu lililotangulia huzidishwa kwa lenyewe, hutolewa 2, kisha hugawanywa kwa namba inayochunguzwa na kubakishwa salio. Kwa 127, mfuatano ni 4, 14, 67, 42, 111, 0. Sifuri ya mwisho ndiyo ithibati.

Idadi ya hatua ni kipeo ukitoa 2. Hivyo, 2 kwa kipeo cha 127 ukitoa 1, namba yenye tarakimu 39, huhitaji hatua 125. Lucas alithibitisha utasa wake mwaka 1876, na hadi 1951 haikujulikana namba tasa kubwa kuliko hiyo. Mnamo Oktoba 2024 ilitangazwa iliyogunduliwa na Luke Durant: 2 kwa kipeo cha 136,279,841 ukitoa 1. Ina tarakimu 41,024,320.

Hitimisho

Istilahi tasa inafaa kwa upande wa kugawanya: 127 haitoi vigawo vingine. Kwa upande wa kuzidisha, inapotosha. Kila namba nzima iliyo kubwa kuliko 1 ama ni tasa ama ni zao la namba tasa, tena kwa njia moja tu. 5 ndiyo iliyoizaa 125. Istilahi hii imekwisha kuota mizizi, hivyo haifai kung'olewa. Inafaa kufafanuliwa pande zote mbili. Kazi hiyo inawahusu zaidi wanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya, ambako hisabati hufundishwa kwa Kiingereza. Istilahi isiyotumiwa kueleza uthibitisho hubaki kamusini, na hiyo ndiyo tasa kweli.