Kabla ya Kuingia Msituni, Chagua Mji wa Kufikia

Wakazi wanaopanga kuzuru Msitu wa Kakamega, au wanaopokea wageni, wanashauriwa kuamua kwanza watalala wapi. Msitu huo wa mvua una njia mbili kuu za kuingilia: Buyangu kaskazini, karibu na maporomoko ya Mto Isiukhu, na Isecheno kusini, upande wa Mto Yala.

Mji wa Kakamega unafaa kwa pande zote mbili. Una hospitali, benki, soko na stendi ya matatu. Matatu za Webuye hupita njia panda ya Buyangu. Za Kisumu hupita Khayega, ambako bodaboda huelekea Shinyalu na Isecheno. Anayetaka kusikia ndege alfajiri alale karibu na lango, lakini abebe pesa taslimu na dawa zake.

Mvua hunyesha sana alasiri. Mto unaweza kufurika kwa mvua iliyonyesha mbali, hata palipo na jua. Basi ingieni asubuhi, mkiongozwa na mwelekezi, na mtoke kabla ya giza. Mwelekezi huyo ni jirani yenu: mlipeni haki yake.