Kutoka Kilolo Hadi Soko la Dunia: Jinsi ya Kusomea Biashara ya Kimataifa

Kijana wa Kilolo, mkoani Iringa, ana darasa la biashara ya kimataifa mlangoni: parachichi za Hass zinachumwa milimani, na malori ya Zambia na Kongo yanapita Ilula usiku na mchana. Anza hapo.

1. Chagua tahasusi. ECA (Uchumi, Biashara, Uhasibu) au EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati) zinakufaa. Hisabati usiikimbie, faida na hasara huamuliwa na hesabu.

2. Fuatilia zao moja. Muulize mkulima bei ya kilo shambani, na kwa nini matunda mengine hukataliwa. Kisha fuata karatasi: cheti cha afya ya mimea hutolewa na TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), cheti cha uasili wa bidhaa na TCCIA (chemba ya biashara, viwanda na kilimo). Andika kila gharama.

3. Soma mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu). Usitafute jina la kozi tu. Masoko, ugavi na uchumi pia hukufikisha kwenye biashara ya kimataifa. Karibu nawe kuna Chuo Kikuu cha Iringa, RUCU (Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha), na Mzumbe kampasi ya Mbeya. Linganisha ada, masomo na muda wa mafunzo kwa vitendo.

4. Andaa mkopo mapema. HESLB (Bodi ya Mikopo) huhitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo). Ukishafanya mtihani wa kidato cha sita, shughulikia hilo bila kungoja matokeo.

5. Jua masharti ya mauzo. Kwa FOB, muuzaji hubeba dhamana mpaka mzigo upakiwe melini. Kwa CIF hulipia pia nauli ya meli na bima hadi bandari ya mnunuzi. Ukichanganya hayo mawili, unaweza kuuza kwa hasara.

6. Jua milango iliyo wazi. Tanzania imo EAC (Jumuiya ya Afrika Mashariki) na SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika), lakini ilijitoa COMESA (soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika) mwaka 2000. Biashara chini ya AfCFTA (eneo huru la biashara la Afrika) ilianza Januari 2021, na China iliruhusu parachichi zetu mwaka 2022.

7. Ongeza lugha na vitendo. Kifaransa kitakufaa kwa wateja wa Kongo. Mafunzo ya vitendo yaombe kwa wakala wa forodha, Tunduma au bandari ya Dar es Salaam.

Kabla ya kuhitimu, piga hesabu ya kontena moja la parachichi kutoka Kilolo hadi ghala la mnunuzi, gharama zote zikiwemo. Nenda nayo kwenye usaili.