Miwani yenye skrini: pima juani kabla ya kutoa mtaji

Mwekezaji mdogo anayeombwa fedha na fundi wa Temeke au Kinondoni ili kuunda miwani ya kompyuta kwa kawaida huonyeshwa chombo hicho chumbani. Humo maandishi huelea mbele ya jicho, na ukuta huonekana nyuma yake. Kabla hajatoa hata shilingi, amwombe fundi watoke wasimame kituo cha daladala cha Tandika saa sita mchana. Mara nyingi maandishi hayo hayaonekani tena.

Kosa si la fundi, ni la mwanga wenyewe. Skrini ndogo hutupa mwanga wake kwenye kioo kilichoinamishwa nyuzi 45, nacho huurudisha jichoni huku kikimwacha mvaaji aone mbele. Plastiki ya kawaida, kama ya jalada la CD, hurudisha asilimia 4 au 5 tu kwa kila uso. Kwa hesabu ya dukani, katika kila shilingi 100 za mwanga jicho hupata kama 5, na uso wa pili ukirudisha zake, herufi huonekana mbili mbili. Kioo chenye utando maalumu hurudisha 50, lakini mvaaji naye huiona dunia kwa nusu ya mwanga wake. Usiku, kwenye Barabara ya Kilwa, hiyo ni hatari.

Kuna na lenzi. Jicho haliwezi kusoma kitu kilicho umbali wa sentimita 3, hivyo lazima lenzi iisogeze picha mbali. Kwa lenzi yenye fokasi ya sentimita 4, skrini ikihama milimita 1 tu kuielekea, picha iliyokuwa mbali kabisa hurudi hadi kama mita moja na nusu. Fremu nyingi za majaribio huchapwa kwa plastiki ya PLA, inayolainika kwenye nyuzi joto 60 hivi. Miwani ikisahauliwa juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, vipimo vyote vinaweza kuharibika.

Betri ni hesabu nyepesi: ya mAh 500, chombo kikivuta mA 250, haipiti saa mbili. Kubwa zaidi huelemea pua. Chombo chenye Wi-Fi au Bluetooth kikienda sokoni huhitaji idhini ya TCRA, na chenye kamera kiangaliwe pia kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Wenye mitaji minene nao walikwama. Google ilianza kuwauzia wabunifu Google Glass mwaka 2013 kwa dola 1,500, ikasimamisha mauzo hayo Januari 2015, ikageukia viwandani, na huko nako ikaacha kuuza Machi 2023.

Kwa hiyo fedha za awamu ya kwanza zinunue kioo chenye utando na lenzi tu. Fremu nzuri na programu vingoje. Jaribio la juani likishindikana, mazungumzo yasivunjike papo hapo. Karani wa ghala la Kurasini anayesoma orodha ya mizigo hukaa kivulini, mikono yake ina kazi, na chaja iko karibu. Fundi aulizwe kama atakubali kumuuzia huyo kwanza, na kwa bei gani.