Mwalimu Akija, Abaki
Kijitabu cha elimu kwa wazazi, kamati za shule na viongozi wa vijiji vya Ngara na Biharamulo

Kijitabu hiki ni cha nani?

Ni cha mzazi mwenye mtoto shuleni, mjumbe wa kamati ya shule, mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, mwalimu mkuu, na mwalimu mwenyewe. Kimeandaliwa kwa ajili ya wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera, kuanzia Kabanga na Rusumo mpakani hadi Nyakahura, Lusahunga na Runazi.

Serikali ndiyo inayomwajiri mwalimu wa shule ya umma, kumpangia kituo na kumlipa. Kijiji hakina mamlaka hayo. Hata hivyo, mambo mengi yanayoamua kama mwalimu atakaa mwaka mmoja au kumi yamo mikononi mwa watu anaoishi nao. Mwalimu hubaki mahali alipopokelewa vizuri, anapopata haki zake kwa wakati, na anapoendelea kujifunza kazi pamoja na wenzake. Mwalimu anayebaki akijifunza ndiye anayemfikisha mtoto kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu.

Kwa nini walimu huhama?

Ngazi za mshahara wa walimu wa serikali ni zile zile nchi nzima. Walimu wawili wa daraja moja, mmoja yuko Bukoba mjini na mwingine kijijini Murusagamba, hulingana mshahara. Tofauti huja kwenye matumizi. Wa kijijini hulipa bodaboda kwenda hospitali, kufuata huduma za benki, na kupeleka fomu ofisi za halmashauri. Akikosa nyumba karibu na shule, hulipa kila siku kwa miguu na kwa muda wake. Kila safari ya namna hiyo inaupunguza mshahara ambao kwenye karatasi haujapungua.

Yapo pia mambo yasiyohusu fedha. Mwalimu kijana aliyetoka Mbeya au Tanga hana ndugu hapa, na hajui Kihangaza wala Kishubi. Anapangiwa darasa la kwanza lenye watoto wengi kuliko 45, idadi ambayo mwongozo wa serikali unaitaja kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Baadhi ya watoto hao hawajakizoea Kiswahili. Asipokuwa na wa kumuuliza, huanza kuhesabu miezi ya kuomba uhamisho.

Akiondoka, hasara ni ya watoto. Darasa huunganishwa na jingine, kipindi hukosa mwalimu, na mwalimu aliyebaki hubeba mzigo wa wawili mpaka naye achoke.

Historia inatufundisha nini?

Mwaka 1974, Azimio la Musoma liliagiza kila mtoto wa rika la shule ya msingi aandikishwe ifikapo 1977. Vyuo visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo. Makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa kazi hukohuko shuleni, kwa masomo ya posta na ya redio, huku wakifundisha. Watoto wengi walipata nafasi ya kusoma. Lakini walimu wale waliingia darasani na msingi mwembamba, na ubora wa masomo ulilalamikiwa kwa miaka mingi.

Baada ya mwaka 2004, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulipoanza, shule za kata zilifunguliwa kwa kasi. Wahitimu wa kidato cha sita waliingizwa madarasani baada ya mafunzo ya muda mfupi, wakabandikwa jina la "voda fasta". Mwaka 2016 elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa, madarasa yalifurika tena.

Mara zote tatu wanafunzi waliongezeka haraka kuliko walimu. Vijana waliotumwa kujaza pengo walifanya kazi ya taifa, na walistahili kulelewa vizuri zaidi baada ya kufika kituoni. Ulezi huo ndio unaohitajika hata leo, kwa mwalimu wa cheti, wa stashahada na wa shahada.

Mwezi wa kwanza: kumpokea mwalimu

Wananchi wa Ngara wanaijua kazi ya kupokea. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 waliokimbia Rwanda walivuka Rusumo katika muda wa takriban saa 24, na wilaya hii ikawapa hifadhi. Wilaya iliyobeba mzigo ule haiwezi kushindwa kumpokea mwalimu mmoja.

Kamati ya shule na serikali ya kijiji zifanye haya:

- Kabla hajafika, tafuteni chumba cha heshima chenye mlango unaofungwa, na mpatane kodi mapema ili asipandishiwe bei kwa sababu ni mgeni.
- Siku ya kufika, mwenyekiti na mwalimu mkuu wampokee na kumtambulisha kwa majirani, zahanati na viongozi wa dini.
- Katika wiki ya kwanza, aonyeshwe maji yalipo, soko, usafiri na njia salama. Mwalimu wa kike asiachwe akae peke yake mbali na watu.
- Mwalimu mkuu amteulie mwalimu mlezi, mzoefu wa darasa lile lile, atakayekaa naye kuandaa azimio la kazi na andalio la somo, na kuingia darasani mwake kumsaidia.

Kazi ya mwalimu mlezi ni kusaidia. Anayoyaona darasani yabaki kati yao wawili mpaka mgeni apate kujiamini.

Kujifunza akiwa kazini

Chuo humpa mwalimu mwanzo tu. Kwa sababu hiyo nchi yetu ina utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaojulikana kama MEWAKA. Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) huandaa moduli zake na kuziweka kwenye mfumo wa kujifunzia kwa mtandao. Kwa shule za awali na msingi, utaratibu huu umeungwa mkono na mradi wa BOOST, unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500.

Kiini cha MEWAKA ni jumuiya ya ujifunzaji, yaani walimu wa shule moja kukutana mara kwa mara kuzungumzia ufundishaji wao. Kikao kizuri huenda hivi:

1. Walimu huchagua tatizo moja linaloonekana kwenye madaftari ya watoto.
2. Husoma moduli inayohusika na kubadilishana uzoefu.
3. Huandaa kipindi kimoja kwa pamoja.
4. Mmoja hukifundisha, wengine wakiangalia watoto wanafanya nini.
5. Hurudi kujadili: nani alielewa, nani aliachwa, na kwa nini.

Tuchukue mfano wa darasa la pili ambalo watoto wanachanganya *l* na *r*, wakiandika "karamu" walipokusudia "kalamu". Mwalimu mgeni anaweza kudhani ni uzembe. Mwenzake aliyezaliwa hapa atamweleza kwamba mtoto anaandika anavyosikia nyumbani, na kwamba adhabu haitamsaidia. Kwa pamoja wataandaa mazoezi ya kusikiliza na kutamka, kadi za silabi, na nyimbo fupi. Biharamulo, ambako darasa moja huwa na watoto wanaozungumza Kisubi, Kizinza, Kihaya na Kisukuma, mazungumzo kama haya yanahitajika zaidi. Lugha ya kufundishia inabaki Kiswahili. Kuijua lugha ya mtoto kunamsaidia mwalimu kumvusha.

Shule yenye walimu watatu au wanne ikutane na shule jirani, na Afisa Elimu Kata aratibu ratiba. Mtandao ukisumbua, mwalimu mmoja apakue moduli mjini na kuja nazo kwenye simu au zikiwa zimechapwa. Kikao kiwe na saa yake kwenye ratiba, na mzazi akielezwa sababu asikione kama muda uliopotea.

Haki ambazo mwalimu asizidai kwa machozi

- Fedha za kujikimu na nauli anaporipoti kazini kwa mara ya kwanza.
- Kuthibitishwa kazini baada ya miezi 12 ya majaribio, akitimiza masharti.
- Likizo ya mwaka, na nauli ya likizo kila baada ya miaka miwili.
- Likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 kwa aliyejifungua pacha.
- Kupandishwa daraja anapostahili.

Uthibitisho, upandishaji vyeo na nidhamu ya walimu vinasimamiwa na Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, na ina ofisi wilayani. Mwalimu mkuu akikusanya nyaraka za walimu wake na kuzifuatilia kwa pamoja, anaokoa siku nyingi za vipindi ambavyo vingepotea barabarani.

Nani afanye nini?

*Mzazi:* mlete mtoto mapema, angalia daftari lake, na hudhuria vikao vya UWAWA, ushirikiano wa wazazi na walimu. Ukiwa na lalamiko kuhusu mwalimu, anza na mwalimu mkuu. Usimtangaze sokoni.

*Kamati ya shule na kijiji:* wekeni nyumba ya mwalimu katika mpango wa maendeleo wa kijiji, tengeni ardhi yake, na anzisheni ujenzi kwa nguvu zenu kabla ya kuomba halmashauri imalizie. Mchango uwe wa hiari, na mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu mzazi wake hakuchanga.

*Mwalimu mkuu:* gawa vipindi kwa haki, sifu kazi nzuri hadharani na kosoa faraghani.

*Halmashauri:* angalia ikama, yaani idadi ya walimu inayohitajika shuleni, kabla ya kuhamisha. Shule ya pembezoni isiondolewe mwalimu bila mbadala wake kufika.

*Kijana wa hapa:* ualimu ni kazi ya kuijenga wilaya yako. Kagera ina Chuo cha Ualimu Katoke, wilayani Muleba. Mwalimu aliyezaliwa Keza au Kalenge haoni ugeni kufundisha nyumbani.

Kikao chenu kijacho

Chukueni kijitabu hiki kwenye mkutano ujao wa kijiji na mjibu maswali haya, mkiandika jina la mhusika na tarehe mbele ya kila jibu:

1. Tuna walimu wangapi, na wangapi wanaishi karibu na shule?
2. Nani aliondoka mwaka uliopita, na alitaja sababu gani?
3. Mwalimu mpya ana mlezi? Ni nani?
4. Jumuiya ya ujifunzaji hukutana lini?
5. Ni jambo gani moja tutakalolimaliza kabla ya muhula kwisha?

Kijiji kisiondoke mkutanoni bila jibu la swali la tano. Chumba kimoja kilichoezekwa, au mwalimu mlezi mmoja aliyeteuliwa na kuianza kazi, kitamfaa mtoto zaidi ya maazimio kumi yaliyobaki kwenye karatasi.