SOMO: KABLA CHAMA HAKIJANUNUA PIKAPU ILIYOTUMIKA



Pikapu ya chama hununuliwa kwa fedha za wote; kasoro yake ni hasara ya wote.

Desemba 2015, huko South Carolina, Marekani, dereva wa Ford Ranger ya mwaka 2006 aliuawa na mfuko wa hewa uliowekwa kumwokoa. Kifaa cha kuujaza, kilichotengenezwa na Takata, kilipasuka na kurusha vipande vya chuma. Baruti yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Januari 2016 Ford iliyaita magari yapatayo 391,000 yarekebishwe. Januari 2018 iliagiza magari yapatayo 2,900 yasiendeshwe kabisa.

Kasoro hiyo haijulikani kwa kusikiliza injini. Kwa hiyo:

1. Katibu anakili namba ya chasisi kabla ya malipo.
2. Amwulize wakala wa kiwanda kama gari limeitwa, na kama limekwisha rekebishwa.
3. Fundi akague kutu ya chasisi, breki na usukani.
4. Majibu yasomwe mbele ya Halmashauri na kuandikwa katika kumbukumbu.

Swali la kujadili: Je, gari la chama chenu limekwisha kuulizwa?